Nusu Yenye Kokwa

Muuza matunda wa kona ya mtaa wetu alidhani nimerukwa na akili. Nilisimama mbele ya meza yake jioni moja, nikayanusa mapera yake yote, nikayabonyeza kwa kidole gumba, halafu nikachagua matatu ya kijani, magumu, ambayo hata ndege angeyapita. Akaniambia ya njano ndiyo matamu, mama. Nikamwambia najua. Akaniinulia papai lililoiva hata linalegea mkononi. Nikamwambia naomba lile la nyuma, lenye mstari mmoja tu wa njano. Akaniuliza kama naenda kulila au kulipigilia misumari.

Nikamlipa, nikaondoka. Ningemwambia nini? Kwamba kwa miaka kumi na tisa nimelipwa mshahara kwa kutafuta matunda matamu kuliko yote, na sasa kuna karatasi kwenye mkoba wangu inayonitaka nitafute kinyume chake?

Nilikuwa mwonjaji katika kiwanda cha juisi. Kiwanda chetu hakiongezi sukari. Maneno hayo yameandikwa kwenye lebo kwa herufi kubwa kuliko jina la tunda lenyewe. Kwa hiyo utamu wote lazima uje na lori. Lori lilipoingia getini, nilichomoa mananasi matatu, moja la juu, moja la katikati na moja la chini kabisa, kwa sababu wakulima nao si malaika. Utamu wa nanasi umekaa kitakoni, karibu na shina, na kila mkulima hutamani ukate hapo. Mimi nilikata juu, karibu na majani. Huko kukiwa kutamu, kwingine hakuna shaka. Nilitafuna, nikameza, nikasema "lipite" au "lirudi," na hakuna aliyebishana. Waliniita Bi Ulimi. Wageni walidhani ni kwa sababu ya umbea, na sikuwakatalia moja kwa moja.

Kiwanda kiliwahi kununua kipimo, kibomba kifupi chenye kioo mbele. Unadondosha tone la juisi, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma namba ya utamu. Nilikifungia kwenye droo siku hiyo hiyo. Nilimwambia msimamizi wetu kwamba kioo hakijui nanasi. Ni kijana mwenye adabu, akakubali.

Ugonjwa ulinijia kwa kiu. Nilikunywa maji kama mtu aliyelamba chumvi siku nzima, nikawa naamka mara nne kwenda msalani, na herufi za zile lebo zikaanza kuota manyoya machoni mwangu. Kliniki walinitoboa kidole, wakasoma namba, wakanitoboa tena kuhakikisha. Muuguzi alikuwa mwanamke mpole wa rika la mwanangu. Alinieleza taratibu huku akiniandikia. Nipunguze wanga: wali, mkate, viazi. Matunda si adui, alisema, ila nichague. Parachichi, nusu. Pera, moja la wastani, lisiloiva kupita kiasi. Papai lenye ugumu, vipande viwili. Tufaa, nusu. Limau, ninavyotaka. Embe lililoiva, ndizi mbivu, zabibu na nanasi niyape mgongo kwa sasa. Halafu akaandika neno la mwisho na kulipigia mstari mara mbili: juisi. Hata ile isiyoongezwa sukari, mama, aliniambia, hiyo ndiyo inayowadanganya wengi.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia karani.

Wakati wa kuagana alinishika mkono, akanipa moyo kwamba nivumilie, baada ya miezi michache nitashangaa hata tango litakuwa tamu mdomoni. Nilimwona kama anayembembeleza mtoto baada ya sindano. Nilitabasamu, nikaondoka, sikulifikiria tena neno lile mpaka lilipokuja kuniumbua.

Mtaniuliza kwa nini nilidanganya. Mwonjaji aliyenitangulia alipatwa na mafua yaliyomwondolea uwezo wa kunusa. Alijikaza wiki tatu bila kusema. Walipogundua walimpa saa ya ukutani na barua ya shukrani, na mimi nikapewa kiti chake. Kwa hiyo niliijua njia ya kutokea. Na mimi bila ulimi wangu nilikuwa nani? Mjane wa miaka hamsini na sita, mwenye mtoto mmoja aliye mbali kikazi, anayepiga simu Jumapili. Kazini nilikuwa Bi Ulimi. Nyumbani sikuwa na hata wa kuniita jina.

Nikaamua kunyamaza na kutema. Miaka yote nilikuwa nikiwacheka wanaoonja na kutema, nikisema utamu wa kweli unajulikana kooni. Sasa nikaja kazini na kopo lenye mfuniko, nikawa nageuka ukutani kila baada ya kipande, kama mtu anayekohoa. Nilidhani hakuna anayeona. Kiwanda kizima kiliona.

Lakini kutema hakukuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa saa saba mchana.

Saa saba nilikula na Mama Glovu. Yeye ni mmenyaji, tena bora kuliko wote. Nanasi mikononi mwake linavuliwa ganda kwa mizunguko minne. Wenzake wanamenya mikono mitupu, yeye mkono wa kushoto anauvalisha glovu mbili za mpira, moja juu ya nyingine, hata siku za joto kali. Wakamtania kwamba anautunza mkono kwa ajili ya bwana harusi. Hakuwahi kukasirika, na jina likamganda.

Tulianza kula pamoja mwaka wangu wa kwanza, kwenye makreti mawili tuliyoyapindua nyuma ya chumba cha kumenyea. Sahani moja, vijiko viwili. Leo wali wangu, kesho wake. Alikuwa na desturi ya kuchora mstari katikati ya wali kwa kijiko, huku kwako, huku kwangu, halafu baada ya matonge machache anaanza kunisogezea wa upande wake. Kula wewe, alikuwa anasema, mimi nimeshiba harufu ya matunda. Tukipata nanasi lililobaki, ananikatia mimi kitako chote, yeye anachukua kipande chembamba cha juu, kule kwenye ukakasi. Niliwahi kumwambia mwanangu kwenye simu kwamba kuna watu wana ndugu wa damu wasiowafanyia hayo. Nilinenepa kwa mapenzi ya yule mwanamke.

Sasa ningekaaje mbele ya ile sahani? Angenisogezea wali, nami ningekataa, naye angeniuliza. Na Mama Glovu akikuuliza kitu anakutazama mpaka umjibu. Siku ya kwanza nilimwambia jino linaniuma. Wiki ya pili nikasema nina kazi ya kuhesabu makreti matupu. Alinitazama, akaniuliza makreti yameanza kuzaliana lini. Nikacheka cheko la uongo, nikaondoka. Baada ya hapo sikutoa tena sababu, naye hakuuliza tena.

Nikawa nakula stoo, kati ya makreti yaliyopangwa mpaka dari, mlango umerudishwa. Yai la kuchemsha, tango, nusu ya parachichi iliyonyunyiziwa limau. Nilisikia vijiko vya wenzangu kupitia ukutani, na vicheko, na mara nyingine jina langu. Niliwahi kumzika mume, na sikumbuki upweke kama ule wa kutafuna tango kimyakimya ili lisisikike.

Nyumbani tatizo langu lilikuwa nusu. Kila kitu kwenye ile karatasi kiliandikwa kwa nusu, lakini hakuna mti unaozaa nusu. Ukila nusu ya tufaa, nyingine inakutazama. Ukila nusu ya parachichi, nyingine unaiacha na kokwa lake ndani, unaifunika sahani, na kesho asubuhi bado utaikuta imekuwa rangi ya kiatu. Jioni moja nilijikuta nimetoa sahani mbili kabatini, nimeweka nusu huku na nusu huku, meza nzima imepangwa vizuri. Nilisimama nikizitazama. Kisha nikaosha ile sahani safi, nikairudisha kabatini, maana niliona haya kuirudisha bila kuiosha.

Jumapili mwanangu alipopiga aliniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia sana.

Sasa ndiyo nifike kwa Mzee Mawe. Huyu ni mkulima wa mananasi ambaye shamba lake liko kwenye mteremko wenye mawe mengi kuliko udongo. Kwa miaka sita alileta lori lake dogo kila msimu, na kwa miaka sita nililirudisha. Mananasi yake yalikuwa mazuri kwa sura na makali kwa kinywa. Hakunichukia. Alikuwa anavua kofia, anasema basi mwanangu, msimu ujao, anageuza gari. Wenzangu walisema mzee yule anapanda mananasi kwa ubishi.

Msimu ule alikuja mwezi wa nne wa ugonjwa wangu. Nilikata juu, karibu na majani, nikaweka kipande ulimini. Nikashtuka. Nikakata lingine, na la tatu. Yalikuwa matamu kama yaliyotunzwa na mtu mwenye shamba la mtoni. Nikamtazama mzee, na moyo wangu ukafurahi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kwa sababu hatimaye nilikuwa na habari njema ya kumpa mtu.

"Lipite," nikasema.

Alidhani sikumsikia vizuri, ingawa hakuwa amesema kitu. Nikarudia. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akaniambia mke wake alikuwa amemsihi mwaka huu asije kujiaibisha. Wiki iliyofuata alinipitia nyumbani na kikapu cha mananasi sita, akakiweka kizingitini, akakataa hata maji. Nilikipokea. Ningemkatalia vipi mzee yule? Nikakiingiza ndani, nikakiweka chini ya meza, nikalala na harufu ya kitu nisichoruhusiwa kukila.

Malori ya Mzee Mawe yakapita matatu. Na siyo yake tu; mwezi ule nilipitisha karibu kila lori lililoingia. Niliona ni msimu wa baraka.

Kisha chupa zikaanza kurudi. Duka moja, halafu manne, halafu barua yenye malalamiko kwamba juisi yetu imekuwa chachu kama siki. Msimamizi aliniita akaniuliza kwa heshima kama kuna jambo. Nikamwambia labda mashine hazioshwi. Akainamisha kichwa, na kwa jinsi alivyoepuka kunitazama nikajua kuna maneno yamemfikia.

Maneno yenyewe niliyakuta bombani, wamenyaji walipokuwa wananawa mikono. Hawakuniona. Mmoja alikuwa anaeleza kwamba Mzee Mawe alionekana kwangu na kikapu. Mwingine akasema ndiyo maana siku hizi Bi Ulimi anatema, hawezi kumeza alichokipitisha. Wakacheka. Nikangoja Mama Glovu awakemee. Alikuwa katikati yao, anasuuza glovu zake polepole.

"Amehongwa," akasema Mama Glovu. "Kwa mananasi sita."

Nilirudi stoo, nikakaa juu ya kreti. Nililia, sitaficha. Siyo kwa sababu ya hongo. Mtu asiye na hatia ana hasira ya kumshika mkono asianguke. Nililia kwa sababu alikuwa yeye.

Jumamosi mchana nikatoa kikapu chini ya meza. Mawili yalikuwa yameshaoza, manne mazima. Nilitaka kuyaonja upya na kujithibitishia kwamba ulimi wangu ni mzima, kisha Jumatatu niende nikawatukane wote kwa zamu. Nilikuwa nimechukua kile kipimo kwenye droo ya kazini, si kwa kukiamini, ila kwa ajili ya kuwafunga midomo. Nilipita pia kwa muuza matunda, nikanunua nanasi lililotoka mashamba ya mtoni, yale ninayoyajua kwa miaka yote. Muuza matunda akasema leo umepona. Nikamwambia bado.

Nikakata yote mawili juu, karibu na majani. Kipande chembamba kama ukucha cha la Mzee Mawe: tamu. Kipande cha la mtoni: tamu. Nilinawa mdomo kwa maji, nikarudia. Mdomoni mwangu yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Nikadondosha tone la lile la mtoni kwenye kioo, nikasimama dirishani: kumi na tano. Nikakipangusa, nikadondosha la Mzee Mawe. Kumi.

Nilikipangusa tena mara tano. Kumi.

Kwenye meza kulikuwa na kipande cha tango nililokuwa nimekata kwa ajili ya chakula cha mchana. Sijui kwa nini nilikiokota, ila nilikitafuna taratibu, kwa makini, kama lori limesimama getini. Tango lilikuwa tamu. Miaka hamsini na sita nimekula matango na sikuwahi kujua kwamba yana utamu. Ndipo nikamsikia yule muuguzi kama yuko jikoni kwangu. Miezi minne bila sukari ilikuwa imeunoa ulimi wangu hata ukawa unaona utamu mahali pasipo nao. Nilikuwa nimepona kwa namna ambayo ilinifanya nisifae kwa kazi.

Jumapili ile mwanangu alipiga nikaacha simu iite.

Nilikuwa na njia mbili, na nilizijua zote. Ningeweza kunyamaza, kukitumia kioo kwa siri na kuendelea kuitwa Bi Ulimi. Lakini hongo ingebaki juu yangu na juu ya Mzee Mawe, ambaye hata chumvi hakuwahi kuniomba. Au ningesema, nipoteze kiti. Jumatatu asubuhi nilipiga moyo konde, nikaingia kwa msimamizi na mananasi mawili, kipimo, na karatasi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Nilimwomba awaite wamenyaji wote wasimame mlangoni, kwa sababu maneno yaliyosemwa mbele ya watu husafishwa mbele ya watu.

Nikawaambia nina kisukari. Nikawaambia tangu lini, na kwa nini natema, na ninachokula stoo. Nikamkatia msimamizi vipande viwili, nikamwonyesha namba mbili kwenye kioo, nikamwambia mimi hapa sioni tofauti. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wa bombani alitazama viatu vyake. Mama Glovu alikuwa nyuma kabisa, na nilipomtafuta kwa macho alikuwa ameshaondoka.

Msimamizi alinitendea vizuri kuliko nilivyotarajia, na hilo likaniuma zaidi. Alisema ningemwambia mapema. Alisema sitafukuzwa. Kisha akakichukua kile kioo mkononi mwangu na kumkabidhi karani wa mapokezi, akamwonyesha namna ya kukielekeza kwenye mwanga. Mimi akanipeleka chumba cha lebo, nihakikishe zimebandikwa bila kupinda. Sikumwaga unga. Nilipewa kiti kingine, chumba kisicho na dirisha, na kazi ya kusoma siku nzima kwamba hakuna sukari iliyoongezwa.

Kabla sijahamia, niliomba jambo moja: Mzee Mawe nimwambie mwenyewe. Lori lake lilikuwa getini siku hiyo hiyo, limejaa. Nilimweleza yote bila kupamba. Kwamba mananasi yake ni yale yale, aliyebadilika ni mimi. Alisikiliza hadi mwisho, mkono juu ya bodi ya gari.

"Miaka sita ulinirudisha nikaenda nyumbani na hasira," akaniambia. "Leo hata hasira huniachii."

Akavua kofia kama kawaida yake. Lakini hakusema msimu ujao.

Nilikwenda chumba cha kubadilishia nguo kuchukua aproni yangu na kopo langu. Mlango ulifunguka nyuma yangu, ukafungwa kwa ndani. Ni Mama Glovu. Alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake miaka yote.

"Hongo ningekusamehe," akasema.

Nikamwuliza basi hawezi kusamehe nini. Alivua glovu ya kwanza, akavua ya pili, polepole, akaunyosha mkono wa kushoto mbele yangu. Sikuwahi kuuona mtupu. Vidole vilikuwa na makovu, na kidole cha shahada kilikuwa na kidonda chembamba kilichofungwa kitambaa, kidonda ambacho, aliniambia baadaye, kilikuwa na wiki saba. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa gauni, akatoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo ikatoboka. Niliitambua kabla hajaifungua. Ilikuwa ya kliniki ile ile. Juisi imepigiwa mstari mara mbili.

"Wangu una miaka tisa," akasema. "Ulidhani nilikuwa nashiba harufu?"

Nilikaa kwenye benchi. Miaka tisa ya ule mstari katikati ya wali ikapita mbele yangu, kijiko chake kikisogeza, kikisogeza. Vipande vyembamba vya juu, vyenye ukakasi. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mmenyaji mwenye sukari hapewi kisu; akijikata haponi, na kiwanda hakitaki damu kwenye matunda. Ana watoto watatu shuleni. Alisema nilipokimbilia stoo alijua siku ile ile ya jino. Alijua kiu yangu, alijua kopo langu. Akangoja nimwambie. Wiki, mwezi, miezi minne.

"Na ya bombani?" nikamwuliza.

"Nilikuona umesimama pale. Nilitaka ukasirike uje unitukane. Angalau ungekuja."

Nikamwambia nilikula wali wake miaka tisa nikidhani ni mapenzi. Akafikiri kidogo, akasema yalikuwa hayo pia. Nikamwambia kwa hiyo sukari yangu ni yake, amenisogezea kwa kijiko. Tukacheka, cheko baya la watu waliochoka, na lilipoisha tulikuwa tumeshikana mikono, ule wake mtupu na wangu. Halafu akasikia hatua za watu nje, akavaa glovu ya kwanza, akavaa ya pili, akachungulia mlangoni kabla ya kutoka. Nilielewa bila kuambiwa. Yangu imeshatangazwa, yake bado. Akionekana anakula na mimi, parachichi na yai, watu watajumlisha wenyewe.

Sasa ni mwezi wa tano niko chumba cha lebo. Saa saba nakula wazi, kwenye meza iliyo karibu na mlango, na hakuna anayeniuliza, na hakuna anayekaa. Watu wanaogopa kukaa na wali mbele ya mtu asiyeruhusiwa wali. Kutoka pale naona makreti mawili yaliyopinduliwa. Mama Glovu anakula na mmenyaji mpya, msichana mcheshi ambaye ameanza kunawiri mashavu. Naona kijiko kikichora mstari katikati. Naona kijiko kikisogeza.

Kila asubuhi napita kwa muuza matunda, ambaye siku hizi ananiwekea parachichi bila kuniuliza, gumu kidogo shingoni. Nalikata mara moja. Nusu isiyo na kokwa naila mimi, na limau. Nusu yenye kokwa haiharibiki upesi, kwa hiyo hiyo naiweka kwenye sahani ndogo, naifunika, naiacha kwenye rafu ya chumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya aproni.

Saa nane narudi kuichukua. Naikuta sahani tupu, imeoshwa, na kokwa limekaushwa vizuri katikati yake. Hatujawahi kulizungumzia.